Njuka Ana Jina

Sare zimeshonwa, madaftari yamefunikwa kwa magazeti, na juma hili la Januari watoto wa Darasa la Kwanza na wa Kidato cha Kwanza wanakaa dawati moja na mtoto wasiyemjua. Leo nataka tuzungumze juu ya watoto hao wawili wa dawati moja, na juu ya michezo inayoweza kuwafanya wafahamiane mapema, kabla woga haujawazoea.

Tazameni kwanza nani anaingia katika darasa moja huku kwetu Mbinga na Nyasa. Ziwa Nyasa lipo mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inapanda hadi kukaribia mita 2,000. Kutoka juu kwenda chini si mbali, hasa tangu lami ilipotoka Mbinga ikafika Mbamba Bay, lakini maisha ni tofauti kabisa. Mtoto wa juu amekua kwenye kahawa, maharage na ngoro, yale mashimo ya mteremkoni ambayo wazee wake waliyabuni ili mvua isiubebe udongo. Mtoto wa chini amekua kwenye mchanga, muhogo, usipa na mbasa, na anazijua pepo zinazowatoa wavuvi majini. Mmoja nyumbani anasikia Kimatengo, mwingine Kinyasa. Benchi la nyuma yupo Mngoni wa upande wa Songea, pembeni yake binti wa mtumishi aliyehamishwa kutoka Mwanza, na karibu na dirisha mtoto wa mfanyabiashara wa Kikinga mwenye duka mjini. Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, lakini shule, hasa za bweni, zinaendelea kuwachanganya watoto wa juu na wa chini.

Sasa siku ya kwanza tunawafanyia nini? Mara nyingi tunamwita mtoto mbele. "Simama, jitambulishe." Anasimama, anatazama vidole vya miguu, anataja jina, kijiji, shule aliyotoka, wakati mwingine dini na kazi ya baba. Sauti inazidi kushuka. Wenzake wanangoja akosee wacheke. Anakaa, anafuata mwingine. Kipindi kinakwisha, majina ya darasa zima yamepita, na hakuna mtoto aliyeshika hata matano.

Nasema wazi: huko si kufahamiana. Ni mahojiano, tena ya hadharani, na anayeumia ni yuleyule tuliyetaka kumsaidia, mwenye kigugumizi, mwenye lafudhi ngeni, yatima aliyeulizwa kazi ya baba. Mtoto hulishika jina la mwenzake akilitamka yeye mwenyewe, mara nyingi, huku wakifanya kitu pamoja. Ndiyo maana tunahitaji mchezo.

Na michezo tunayo. Mwalimu hahitaji kusubiri kitabu kutoka ng'ambo. Nitaanza na kombolela, kwa sababu kwa jambo hili sioni mchezo unaoupita. Mnaujua: kopo linawekwa katikati ya uwanja, mmoja analipiga teke liende mbali, na wakati anayetafuta akilifuata na kulirudisha, wenzake wote wamekwisha kujificha. Akimwona mtu nyuma ya mti, hakimbilii kumshika. Anakimbilia kopo na kumtaja yule aliyemwona kwa jina lake. Huwezi kucheza kombolela bila majina. Ukimwona mwenzako na humjui anaitwaje, umeshindwa, atatoka mafichoni alipige kopo teke, na wote uliokwisha kuwakamata wako huru. Mtoto mgeni anayeingia kombolela asubuhi, saa sita mchana anajua majina kumi, na hayo kumi hakufundishwa na mtu. Tena anayejulikana kwa jina mchezoni ataitwa kwa jina hilo hilo darasani.

Hapa Mbinga tuna shida yetu wenyewe, nayo inatufaa tukiitumia vizuri. Majina yetu ya ukoo yanarudiarudia. Ingia darasa lolote ukaite "Ndunguru!" uone vichwa vinavyogeuka. Ita "Komba", ita "Kapinga", ita "Nchimbi", ni vilevile. Mwalimu aliyezoea kuita watoto kwa jina la ukoo anaweza kufika Juni akiwa na kina Komba watano wasiotofautiana kichwani mwake. Kwa hiyo ufuate mchezo wa mpira. Chukueni chandimu, ule mpira wa nailoni na kamba ambao watoto wanausuka wenyewe, wasimame duara watoto kumi, na anayerusha ataje jina la kwanza la anayerushiwa kabla mpira haujatoka mkononi. Akitaja jina la ukoo, mikono minne inanyooshwa, mpira unaanguka, watu wanacheka, na safari hii kicheko ni cha wote. Wakishazoea, kila mmoja aongeze kitendo cha kwao: wa Liuli anapiga kasia, wa Litembo anachuma kahawa, binti wa Mwanza anafanya anachojua. Duara zima linarudia jina na kitendo. Jina lililofungwa kwenye kitendo halisahauliki upesi, hata kwa mtoto ambaye Kiswahili chake bado ni kichanga.

Darasa la Kwanza hasa wanahitaji hilo. Tangu 1967 Kiswahili ndicho kinachofundishia shule ya msingi, na ni fahari yetu, lakini bado kuna kijiji juu kabisa milimani ambako mtoto wa miaka sita anaingia shuleni akiwa na Kimatengo peke yake. Ukimwambia ajieleze, atanyamaza, na kunyamaza kwake kutahesabiwa kuwa ni uzito wa akili. Mpe mchezo wa makofi, mpe kuruka kamba, mpe ukuti wa kushikana mikono na kuzunguka. Mikono yake haihitaji msamiati. Baada ya siku chache maneno yatakuja yakifuata mikono.

Kwa wakubwa kidogo, wa Darasa la Nne kwenda juu, napendekeza mchezo wa "nyama nyama" uliogeuzwa. Ule wa kawaida mnaujua: kiongozi anataja wanyama haraka haraka, wenzake wanaitikia anapomtaja anayeliwa, wananyamaza anapomtaja asiyeliwa, na anayeitikia vibaya anatoka. Geuzeni uwe wa samaki. Mtoto wa Mbamba Bay aongoze: usipa, mbasa, magege, halafu achomeke jina la ndege katikati. Watoto wa milimani wataanguka kama maembe. Kisha zamu igeuke, mtoto wa Maguu ataje vya shambani, mbegu za maharage zenye majina wanayoyajua wao, na wa ziwani nao waanguke. Naupenda mchezo huu kuliko ninavyoweza kueleza. Kila upande unagundua kwamba mwenzake ana elimu ambayo yeye hana. Mtoto wa mvuvi aliyeambiwa kwamba anatoka "huko chini" anakuwa mwalimu kwa dakika kumi, na wenzake wakitoka pale wanamfuata kumwuliza mbasa huvuliwa vipi usiku. Urafiki wa watoto huanzia kwenye maswali ya namna hiyo.

Jioni bwenini, au mvua inaponyesha na hakuna pa kukimbilia, vipo vitendawili. Anayeshindwa kutegua hutoa mji, na aliyetega huupokea au huukataa mpaka apewe anaoutaka. Watoto wa siku hizi hutoa Dar es Salaam na London. Mwalimu aweke sharti moja: mji utakaotolewa uwe kijiji cha mtu aliyemo darasani, na anayeutoa amtaje mwenyewe. "Nakupa Lituhi ya Yohana." "Nakupa Litembo ya Anastazia." Mpaka mwezi uishe, darasa zima litakuwa limeijua ramani ya wenzao bila mtu kuulizwa anatoka wapi. Na hadithi zipo za kutosha. Profesa Joseph Mbele, mtoto wa Umatengo aliyefundisha miaka mingi katika Chuo cha St. Olaf kule Minnesota, alikusanya ngano za Wamatengo na kuzichapisha mwaka 1999. Ikiwa ngano hizo zimeweza kusomwa na wanafunzi wa Marekani, hazikosi nafasi kwenye bweni la Mbinga.

Wazee wanaonisikiliza watakumbuka kwamba kufahamiana hakukuachwa kwa bahati. Wamatengo walikuwa na sengu, mahali pa ukoo kukusanyika, kula pamoja na kuzungumza mambo yao, na kijana aliyekulia kwenye sengu alijua ni nani kwa nani. Mwambao ulikuwa na ngoma za mganda na kioda. Vikundi vya mganda vya kijiji kimoja vilialikwa na kijiji kingine, wageni wakapokewa, wakalishwa, wakacheza mbele ya wenyeji, na zamu ya wenyeji kwenda kwao ikafuata. Ule ulikuwa ushindani, lakini ushindani wa watu wanaojua kwamba wataonana tena. Shule imewachukua watoto kutoka kwenye sengu nyingi na vijiji vingi ikawaweka chumba kimoja. Ikiwachukua hivyo, inawajibika kuwapa kitu badala ya walichoacha nyumbani.

Na mkoa wetu umewahi kuonyesha njia. Huko Litowa, upande wa Songea, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilikuwa na shule iliyopokea watoto wa vijiji vyake mbalimbali wakaishi pamoja, wakalima pamoja, wakajipangia kazi zao. Chama kile kilivunjwa Septemba 1969. Kigonsera nako, seminari ilipokea vijana wa mbali; Rais wa zamani Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso karibu na Masasi, alisoma hapo kabla ya kwenda Pugu. Shule za huku hazikuanza leo kukutanisha wageni.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Katika shule za bweni mgeni wa Kidato cha Kwanza anaitwa njuka. Njuka anatumwa maji. Njuka anaimbishwa juu ya kitanda usiku. Njuka anapewa kandambili aambiwe ni simu, azungumze na mama yake, na bweni zima linacheka. Wakubwa wakiulizwa wanasema wanamchangamsha, wanamzoesha, na wao walifanyiwa hivyohivyo. Yapo pia maneno ya kusikitisha kutoka kwa wazazi, kwamba hata wao waliyapitia na hawakufa.

Hebu tuyapime maneno hayo. Sisi Watanzania tuna utani, na tunaujua vizuri. Utani wa makabila umekusanywa na kuandikwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya kazi hiyo miaka ya 1970 chini ya Stephen Lucas. Mtani wako akikuchokoza leo, kesho utamchokoza wewe, tena msibani kwake, na hakuna atakayekasirika, kwa sababu mlango uko wazi pande zote mbili. Njuka hana mlango huo. Hawezi kujibu, hawezi kukataa, hawezi kuondoka. Anacheka kwa sababu akilia itakuwa mbaya zaidi. Kitu kinachochezwa na upande mmoja tu si mchezo, na mwalimu wa zamu anayekipita dirishani akidhani ni furaha ya watoto anapaswa kuingia ndani na kutazama uso wa yule aliye juu ya kitanda. Nawaomba walimu wakuu wafanye jambo moja mwaka huu: wawape wanafunzi wakubwa kazi mpya. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili akabidhiwe mgeni mmoja, ajue jina lake, kijiji chake na mchezo anaoupenda, amwonyeshe kisima, choo, maktaba na kitanda, na Ijumaa amtambulishe mstarini kwa maneno mazuri. Anayetambulishwa na mwenzake hatetemeki kama anayejitambulisha. Kijana aliyefanywa mwenyeji wa mtu huona aibu kumwonea.

Kidato cha Kwanza wana mzigo mwingine. Siku wanayofika ndiyo siku wanayohama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na woga wa lugha unajumlishwa na woga wa watu. Ombi langu kwa shule ni kwamba michezo ya juma la kwanza iwe kwa Kiswahili. Wacha wajuane kwanza katika lugha wanayoweza kufanyia mzaha. Kiingereza kitafuata, na kitafuata vizuri zaidi, kwa sababu mtoto huthubutu kukosea mbele ya marafiki.

Walimu watasema, na wana haki: darasa langu lina watoto wengi mno, muhtasari ni mrefu, nitacheza saa ngapi? Najua. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi, na tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 madarasa mengi yamekipita kiwango hicho mbali. Lakini wingi ndio sababu ya kucheza. Watoto wanane wangefahamiana wenyewe bila msaada wetu. Wengi namna hiyo watajigawa kwa kijiji, kwa lugha, kwa nani ana viatu, na makundi hayo yakishaganda ni kazi ngumu kuyayeyusha. Wagawe kwa duara za kumi kumi chini ya miti, weka kiranja kila duara, zunguka wewe.

Wala si lazima mchezo uibe muda wa somo. Mwaka 1971, katika mji wa Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto wa Kizungu, wa Kiafrika na wa asili ya Meksiko waliokuwa wakisoma mbalimbali, na kulikuwa na ugomvi mwingi. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake wakapendekeza jambo jepesi: wagawe watoto kwa makundi madogo yaliyochanganyika, ligawe somo vipande, mpe kila mtoto kipande kimoja ambacho wenzake hawana, kisha mtihani uwe wa somo zima. Ghafla yule aliyedharauliwa akawa anahitajika, ikabidi wenzake wamsikilize na kumsaidia aeleze vizuri. Watoto wakaanza kupendana zaidi, na waliokuwa nyuma wakapanda. Njia hiyo inafaa Mbinga bila kubadilisha kitu. Fundisha Vita Kuu ya Kwanza. Mtoto wa Liuli ashike kipande cha Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann palepale kwao, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Mngoni wa Songea ashike miaka iliyotangulia, Majimaji na kunyongwa kwa nduna Songea Mbano mwaka 1906. Wa tatu ashike yaliyofuata, Mjerumani alipoondoka na Mwingereza kuingia. Kila mmoja anafundisha, na somo limekwenda.

Nitaje machache ya kuepuka. Mtoto asiulizwe mbele ya wenzake baba anafanya nini, nyumba yao ina bati au nyasi, likizo alikwenda wapi, chakula gani alikula jana. Asilazimishwe kushikana mikono na mtu anayemwogopa. Mwenye ulemavu apewe nafasi ndani ya mchezo wenyewe: asiyeweza kukimbia kwenye kombolela akae penye kopo na kuwataja wanaoonekana huku mwenzake akikimbia, asiyeona aongoze vitendawili. Mtoto mwenye ualbino asiwekwe juani saa saba kwa jina la michezo, duara lake liwe kivulini na wenzake walifuate huko. Na asiyetaka kucheza leo aachwe atazame. Kesho atasogea.

Wazazi, sehemu yenu ni ndogo na ya lazima. Mtoto akirudi jioni msimwulize kwanza alipata ngapi. Mwulizeni amejua majina ya nani. Akitaja mtoto wa upande mwingine, wa ziwani au wa milimani, msimkatize kwa yale maneno tunayoyajua kuhusu watu wa huko. Na nyie walimu wakuu wa Mbinga na Nyasa, kwenye ratiba ya juma hili andikeni kipindi kimoja kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, cha michezo ya kufahamiana kwa Darasa la Kwanza na Kidato cha Kwanza, na mwalimu wa darasa awemo uwanjani pamoja nao. Ni vipindi vitano tu kwa mwaka mzima. Mkivitoa, Jumatatu ijayo hakuna mtoto shuleni kwenu atakayeitwa njuka na mtu anayelijua jina lake.